Mtungi Ulioinyamazisha Njia

Ndugu yangu Musyoka,

Katika umri huu nimewaandikia wafiwa barua nyingi, na kila mara nilijua pa kuanzia. Leo namwandikia marehemu mwenyewe, na kalamu inasita. Sijui kama nikutangulizie salamu au nikutangulizie lawama. Basi zipokee zote mbili kwa pamoja, kwa kicheko, kama ulivyokuwa ukipokea kila kitu.

Nimeketi barazani. Swala ya alasiri imekwisha, wanafunzi wa madrasa wamekwenda kwao, na huko ndani Bi. Rukia anachagua mbaazi huku akisema, kwa sauti ya kutosha kunifikia, kwamba Mungu alimpa mume na uzee umemrudishia gogo. Ana haki. Tangu tukuzike niliacha kutembea. Daktari wa kliniki yetu ya sukari aliutazama mguu huu wa kushoto, akaviminya vidole kimoja kimoja, akaniambia waziwazi kwamba nisiporudi barabarani huenda nikaupoteza. Nikamjibu, "Inshallah," kwa ile namna uliyoichukia. Ulikuwa ukisema kwamba nikilitamka neno hilo kwa upole sana, nimekwisha kukataa.

Nataka kukueleza kilichonifunga miguu, na kilichotokea leo asubuhi. Pengine nikikueleza wewe, nitaelewa na mimi.

Unalikumbuka benchi la kliniki, siku tuliyoambiwa sote wawili maneno yale yale: punguzeni wali, acheni sukari, tembeeni kila siku. Wewe ukasema, "Daktari, mimi nimeendesha lori maisha yangu yote. Hii miguu yangu bado mpya, haijatembea kilomita." Kliniki nzima ikacheka, na mimi mwalimu wa dini nikajikuta nacheka katikati ya wagonjwa. Tulikuwa tumejuana miaka mingi kwa salamu za njiani tu, wewe mtu wa kanisa na mimi mtu wa msikiti. Urafiki wenyewe ulianzia pale, kwenye ugonjwa. Hilo nalo silielewi: kwamba rehema ije ikiwa imevaa nguo hiyo.

Asubuhi ya kwanza nilitoka msikitini alfajiri na bakora yangu, nikakukuta langoni kwako umevaa zile raba za kijani alizokuletea binti yako Mwende kutoka Nairobi. Tukashika njia ya vumbi iteremkayo mtoni. Hatukufika mbali. Mama mmoja aliyekuwa akikamua mbuzi alisimama ghafla, akaweka mkono kichwani. "Ni nani?" Fundi wa baiskeli akatoka na mswaki mdomoni. "Wazee, ni nani ametuacha?" Sisi tuliozaliwa huku tungepaswa kulijua hilo kabla ya kutoka. Wazee wawili wakienda upesi alfajiri, mikono mitupu, wamebeba habari ya msiba. Hawana kingine cha kubeba.

Ukawaambia, "Hakuna mtu amekufa. Tunapunguza tumbo."

Fundi akatutazama kutoka kofia hadi viatu. "Wazee wawili, hii saa, bila mzigo, halafu mnasema ni tumbo? Semeni tu. Tutavumilia."

Tuliporudi tukakuta watu watatu barabarani wakipiga simu kwa jamaa zao kuuliza kama wote wazima. Siku ya pili mambo yakawa hivyo hivyo. Siku ya tatu ukatoka na mtungi wa plastiki, ule wa manjano uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia, ukaniambia, "Maalim, mtu mwenye mtungi haulizwi kitu. Anaenda maji."

Nami nikapinga. Nilisema kwamba kubeba mtungi mtupu ili watu wadhani jambo ambalo silo ni kusema uongo kwa mkono badala ya ulimi. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukajikuna kidevu. "Basi tuujaze," ukasema. Nilikuwa nimeandaa hoja nyingine tatu, zikabaki bila kazi. Tangu siku ile tukawa tunashuka nao mtupu hadi kwenye kisima cha mchangani, tunaujaza, tunapanda nao kwa zamu, na maji tunayamimina kwenye ule mchungwa mchanga ulioupanda langoni. Njia ikanyamaza. Hakuna aliyetuuliza tena, isipokuwa Susu Kalondu, yule bibi kizee wa kando ya njia.

Yeye hangeuona mtungi hata ungekuwa mkubwa kama nyumba. Macho yake yalikwisha kufifia. Aliketi penye ua wake jua likichomoza, akiambua mbaazi kwa vidole, na kila aliposikia hatua zetu aliuliza kwa Kikamba, "Nuu?" Ni nani? Nawe kila siku ukamjibu, "Hakuna, Susu. Sote tuko." Akasema, "Haya, piteni." Nilidhani ni mzaha wenu wawili.

Karaha zetu zilikuwa nyingi, na leo nazitamani. Vijana wa bodaboda walisimama kando yetu na kusema, "Panda mzee, nitakubeba bure, usijiumize hivyo." Mbwa wa yule muuza kuni aliichukia bakora yangu peke yake, raba zako akazilamba. Malori ya mchanga yalitufunika vumbi, nawe badala ya kukasirika ukasimama kusikiliza injini na kutoa hukumu: "Huyo anaua gia." Tukipanda mlima ukawa unaimba tenzi za kanisani kwenu, nami natembeza tasbihi, na hatua zangu zikaufuata wimbo wako hadi nikapoteza hesabu ya uradi. Nilikulalamikia. Ukasema Mungu anajua kuhesabu.

Na ile safari ya Nzambani! Ulikuwa umeweka nadhiri kwamba mshipi wako ukirudi nyuma tundu mbili, tutalipanda lile jiwe. Mshipi ukarudi. Tukaenda. Uliniuliza, kwa kuwa Wakamba husimulia kwamba mwanamume akilizunguka mara saba hugeuka mwanamke, kama mimi nikigeuka nitaendelea kuitwa Maalim au watatafuta jina lingine. Katikati ya zile ngazi za chuma ulisimama, umekumbatia chuma kwa mikono yote miwili. "Radieta imechemka," ukasema. "Wacha niangalie mandhari kidogo." Macho yako yalikuwa yamefumbwa. Nilikaa ngazi moja chini yako nikisoma dua kimoyomoyo, sijui kwa ajili yako au kwa ajili yangu, hadi ukasema, "Gia ya kwanza, Maalim. Polepole."

Kule juu tuliiona nchi yote, vilima nyuma ya vilima, na mito mikavu imelala kama njia za ng'ombe. Kisha ukaniuliza, "Hivi tukitoka hapa duniani, nyinyi mnaenda wapi, na sisi tunaenda wapi?" Nikakujibu kwamba ajuaye ni Yeye peke yake. Ukaitikia kwa kichwa. "Basi tushuke. Chai iko chini."

Nimelirudia jibu langu lile mara nyingi. Lilikuwa la kweli. Sijui kama lilitosha.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Asubuhi ile nilifika langoni kwako kama siku zote. Mtungi ulikuwa umetundikwa penye msumari wake. Nikautwaa, ilikuwa zamu yangu, nikagonga lango kwa bakora. Badala yako akatoka mkeo, Mama Mwende, hana leso kichwani. Akasema, "Maalim, ameamka huko." Sikuelewa. Akasema tena: ulilala mzima, na hukuamka upande huu. Kisha akaniomba niende kwa nduguyo Kilonzo, ng'ambo ya mto, nimpe habari mdomo kwa mdomo, kwa sababu habari hiyo haifai kupelekwa kwa simu.

Nikaenda. Nilikwenda upesi kuliko siku yoyote tuliyowahi kwenda. Na mtungi, Musyoka... mtungi nilikuwa nao mkononi. Sikujua kama ninao.

Yule mama wa mbuzi aliniinulia mkono, akaendelea kukamua. Fundi wa baiskeli akasema, "Maalim, leo uko mbio! Mwenzako amekuachia kazi?" Akacheka, akainama kwenye gurudumu lake. Susu Kalondu hakuwepo uani. Binti yake alikuwa amemchukua akakae naye kwake huko Kambu. Nilipita nyumba zote zile nikiwa nimebeba msiba wa kweli, na hakuna aliyeniuliza ni nani. Nilitaka waniulize. Nilikuwa na jina lako mdomoni, zito kama jiwe, na hakuna aliyefungua mlango nilitue. Hata Kilonzo mwenyewe aliponiona alisema, "Karibu, weka mtungi hapo, kunywa chai kwanza."

Nikamwambia hali nimesimama, na mtungi mkononi.

Siku ya maziko mchungaji wenu, kwa heshima kubwa, alinikaribisha niseme neno. Mimi niliyesimama makaburini tangu ujana wangu, nisiyekosa la kuwaambia wafiwa, nilisema, "Alikuwa mwenzangu wa njia." Nikakaa. Bi. Rukia alidhani nimeugua.

Baada ya hapo nilijaribu kutembea. Nilitoka mikono mitupu, na watu wakatoka majumbani wamejishika vifua. "Maalim, nani tena?" Mama wa mbuzi ana mtoto aliyelazwa hospitali, aliponiona alikaa chini pale pale mavumbini. Nilimwapia kwamba hakuna jambo. Nikarudi nyumbani, nikajiuliza ni ibada gani hii ya afya inayowaua watu kwa hofu. Kesho yake nikauchukua mtungi wa Bi. Rukia, njia ikanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa ule ule wa siku ile. Sikuuweza. Nisipobeba, naulizwa na sina la kujibu. Nikibeba, siulizwi, nami ninalo. Nikaketi barazani, na hapa ndipo barua hii inaponikuta.

Kuna jingine linalonichanganya. Wewe sukari yako ilishuka. Mshipi ulirudi, daktari akakupa mkono mbele ya wagonjwa wote. Mimi niliyekuja nyuma yako nikilalamika magoti, niliyekula haluwa kwa siri kila Idi, nimebaki. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba ajali, saa ya mtu ya kufa, ina wakati wake na haibembelezwi kwa mazoezi. Naliamini hilo. Lakini kuliamini na kulielewa naona ni vyumba viwili, na ufunguo nilionao ni wa kimoja.

Juzi Mama Mwende alimtuma jirani kwa Bi. Rukia. Ujumbe ulikuwa huu: "Mwambie Maalim mti wa mwenzake unakauka. Mfereji hautoi maji, na mimi magoti haya hayawezi mto." Bi. Rukia aliniletea maneno hayo pamoja na bakora, akaviweka vyote mbele yangu. "Miaka yote mlikuwa mnatembea mkitafuta sababu ya kubeba maji," akasema. "Sasa maji yanatafutwa kweli, wewe umekaa."

Leo baada ya swala ya alfajiri nilikwenda langoni kwako. Mtungi ulikuwa penye msumari wake, Mama Mwende ameuosha. Mchungwa umebakiza majani machache, nao umejikunja. Nikashuka. Mama wa mbuzi akaniinulia mkono. Fundi akavua kofia tu. Nikawa natembeza tasbihi na hesabu haikupotea hata mara moja, na hilo likaniuma.

Nilipokuwa napanda na maji, nikasikia kutoka uani, "Nuu?"

Susu Kalondu amerudi kutoka Kambu. Nikasimama.

"Ni Maalim, Susu."

"Najua ni wewe. Bakora naijua. Nauliza, ni nani? Miguu ni ya mtu mmoja, na wimbo sijausikia."

Nikautua mtungi. "Ni Musyoka, Susu. Ametuacha."

Vidole vyake vikasimama juu ya mbaazi. "Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na mbona hakuna mtu aliniletea habari?"

Binti yake huenda alimficha kwa ajili ya moyo wake. Hilo si langu kulisema. Nikamwambia, "Nimeileta mimi. Nimechelewa njiani."

Nikalia, Musyoka, kando ya barabara, mchana kweupe, mbele ya mwanamke asiyeweza kuniona na bodaboda wote wakiniona. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kesho utapita?"

Nikasema, "Inshallah." Na safari hii, ndugu yangu, sikuwa nakataa.

Sijaelewa bado. Sijui kwa nini wewe na si mimi, wala sijui dua yangu inakufikia kwa njia gani huko uliko. Nimemwachia Mwenye njia. Ninachokijua ni kidogo: mti unahitaji maji, na mimi ninahitaji mlima.

Basi zima injini, dereva. Umefika kabla yangu, na mzigo wako umeupeleka salama. Nakuahidi mchungwa hautakufa kwa kiu maadamu mguu huu unanibeba. Na kesho Susu Kalondu akiuliza, nitamjibu kama ulivyomjibu wewe: "Hakuna, Susu." Nitaishia hapo. Yale maneno yako mengine mawili, "Sote tuko," sitayasema. Nitayaachia nafasi yake, nisimame kidogo, ndipo nipite.

Mwenzako wa njia,
Maalim