Madole Gumba wa Darasa la Kemia

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nina aibu na fahari pamoja, sijui ipi imezidi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu huku Isongole, kwa Kiingereza naongoza darasa, lakini maabara kila ninachoshika hudondoka, na juzi nilipovunja chupa ya kupimia mwalimu wa kemia alisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni madole gumba matupu, kisha akauliza nani anajua maana yake, nami nikashindwa kujizuia, nikanyoosha mkono nikaeleza kwamba Waingereza humsema hivyo mtu mwenye mikono mizito, kana kwamba vidole vyake vyote ni gumba, na kwamba husemwa kwa kazi za mikono tu, si kwa mjinga wala mvivu. Mwalimu akasema, "Safi sana." Nikakaa nikijisikia mkubwa, mpaka Edson wa dawati la nyuma akasema, "Dole Gumba kajitambulisha mwenyewe," na jina likanasa.

Nataka kuwa mtaalamu wa maabara kama yule dada wa kituo chetu cha afya. Nyumbani nachambua maharage na kushona vifungo vizuri tu, kwa mkono wa kushoto, ila mbele ya mwalimu natumia wa kulia, kwa sababu bibi alinifundisha kwamba kutumia kushoto mbele ya mkubwa ni kukosa adabu. Mama anasema nibaki na lugha, Mungu hakunipa mikono. Jumatatu tunachagua masomo. Je, niache kemia?

Mashoto, Ileje

Marahaba, mwanangu. Usiache.

Kusimama ukafafanua tusi lako mwenyewe, tena ukaliwekea mpaka, si kazi ya mwoga. Ningekuwa mama yako ningetamba gulioni.

Lakini hapo kwenye adabu nakugombeza. Bibi alikufundisha namna ya kumpa mtu kitu. Chupa si mkwe wako. Haitaki heshima, inataka kushikwa. Unafanya kazi ya hatari kwa mkono usio wako, halafu unakubali kwamba huna mikono?

Kesho, kabla ya kipindi, mwendee mwalimu umwambie: "Mwalimu, mimi ni mashoto, naomba nipimie kwa kushoto." Anza na maji matupu mpaka mkono uzoee. Edson mwache aongee, hana kazi nyingine. Mama mwite aje akuone unavyopima, asihukumu kwa kusikia. Jumatatu chagua kemia, na Kiingereza usikiachie mtu.

Mwalimu akikataa, aniandikie mimi.