Shemeji, traite imezaa traite ingine

Mpendwa shemeji Léonard,

Niko na miaka makumi nane na mbili. Nimezika feza ya zaire, nimezika zaire mupya, nimezika kompani ya mugodi yenye iliniandika kazi nikiwa kijana wa mabega mapana, na bachef bote benye baliniita mukaidi. Weye pia nimekuzika, na ulikuwa mudogo yangu. Hiyo ya mwisho sikuiomba. Masomo yangu iliisha mapema, lakini mu mutaa yote ya Ruashi hakuna muntu anajua atelier yetu ya kuchomelea vyuma kama miye. Mashine ya kwanza ya kuchomelea, nani aliibeba ku mugongo? Ni miye. Weye ulitembea mbele, unanionyesha njia yenye niliijua.

Unakumbuka siku Bwana Crispin alileta traite ya kwanza? Tulikuwa tumechomelea malori yake yenye inabeba mawe ya mugodi. Hakuleta feza. Alileta karatasi safi yenye saini na muhuri: deni ni ngapi, faida itaongezeka ngapi, na siku gani atalipa. Uliinusa karibu uile.

"Vieux," ukaniambia, "hii ni bon ya unga kabisa."

Nilicheka, juu ulisema kweli. Sisi batoto ba mugodi tulikomaa na bukari yenye unga yake ilitoka ku bon, karatasi ya kompani. Bamama yetu balitutuma ku cantine, duka ya kompani, na ile karatasi, na siku unga haijafika, mwenye cantine alichukua bon ya zamani, akatuandikia mupya, akaongeza samaki kidogo ya kutupoza roho. Na unga ilifikaka. Kila mara ilifikaka.

Basi siku ya traite ilipofika, Crispin akaleta karatasi ingine, deni na faida yake vimejumlishwa pamoja, hatukuona ubaya. Tulimupa chai. Tulimurudishia ya zamani, tukafungia mupya mu kabati. Na siku ya ile mupya, vilevile. Kila mwaka uliandika ile faida mu hesabu ya atelier, unaniita nione namna tunatajirika. Dada yangu Georgette, bibi yako, alisimama mulangoni na sufuria.

"Hiyo karatasi ninaipika na mafuta gani?"

Ulimujibu, "Mama, biashara haiko jikoni." Tulicheka sana, weye na miye.

Sasa sikia. Macho ya Georgette inazimika. Munganga anasema operation itasaidia, yote mbili. Tukasema tuuze atelier. Mununuzi akapatikana, akatuma kontabl wa kuchunguza hesabu, Mama Nadège, mwenye alisoma ku université ya Kasapa. Nilivaa koti yangu ya harusi, nikamuwekea karatasi zote ku meza, nikamuambia atafute kalamu kubwa.

Alisoma pole pole. Akasema, "Papa, karibu mali yote ya atelier iko mu deni ya muntu mumoja."

"Muntu muzuri," nikamujibu.

"Hii traite ilizaliwa na ile, na ile na ingine. Alishalipa hata kidogo?"

Nilimusukumia karatasi ya mwisho, nikamuonyesha muhuri. Akanieleza bila kunidharau. Traite ni mali, ndiyo, na inaandikwa pamoja na mali ingine ya atelier. Lakini mununuzi lazima aulize: mwenye kusaini iko na uwezo? Siku ikifika, analipa ao anabadilisha karatasi? Ile faida yenye uliandika kila mwaka, hata franka moja haikuingia mu mukono yetu. Na kwa sababu tulibadilishaka karatasi, mu kitabu inaonekana hakuna siku Crispin alichelewa.

"Sisemi ni bure," akasema. "Siku yake ni hii ijumaa. Akilipa, nitaihesabu yote."

Ijumaa Crispin akakuja. Kalamu mu mufuko, karatasi mupya mu mukono.

"Vieux, tufanye kama siku zote."

"Hapana. Leo tunataka feza. Ni juu ya macho ya Georgette."

Aliketi. Uso yake ilianguka, siwezi kumusingizia. "Feza nitaitoa wapi, Vieux? Hata miye bananilipa na karatasi." Akafungua mufuko wake, akanionyesha traite zake, na muhuri muzuri kushinda yetu. Akamusalimia Georgette na heshima, akamupa pole, akapanda lori.

Nikasimama mbele ya lori, mikono ku kiuno. Unanijua, nilisimamishaka bachef na fimbo zao. Crispin hakupiga honi. Alizima moteri, akangoja. Jua ilipanda. Ikanishinda, nikaketi ku ile jiwe yako ya kunolea, pembeni ya njia. Akawasha, akapita pole pole asinitilie vumbi, akaniinulia mukono.

Mununuzi sasa anatoa bei ya mashine na bati peke yake. Niliisema kwa sauti ya chini, lakini masikio ya Georgette ingali mazima.

"Inatosha jicho moja," akasema. "Batengeneze ya kuume. Ile njo inaangaliaka mulango nikiketi jikoni."

Shemeji, sijui nifanye nini. Umeshanisikia nikisema vile? Ile traite iko mu kabati, siku yake imepita. Kila asubuhi ninafungua, ninaiangalia, ninafunga.

Kama kule uko kuna muntu anasema Vieux anaongeza maneno, umutume kwa Georgette, alikuwa mulangoni, anaona kivuli lakini alisikia yote. Umutume kwa Mama Nadège. Hata Crispin ni shahidi, yeye njo aliniona nikiketi ku jiwe. Lakini huyo asimupigie simu. Hapokeake.

Shemeji wako mukubwa,
kaka ya Georgette