Wareno Kichwani mwa Mke wa Fundi Baiskeli

Jumapili, 4 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu haukusumbui tena na saluni ina wateja. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa, na leo nimeamua kukueleza yote bila kuficha hata moja.

Nimeanguka historia. Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa kwa nini meli za Wareno zikitoka pwani ya Afrika Magharibi ziliingia kwanza mbali baharini, ndipo zikarudi kwao. Niliandika kwamba zilipotea. Mwalimu wa historia alilisoma jibu langu mbele ya darasa, na tangu siku hiyo wenzangu wakiniona naelekea bwenini huniuliza kama naijua njia. Hilo nalivumilia. Lakini mwalimu aliniita ofisini akasema nisipofaulu jaribio la pili, mwezi Julai, jina langu halitaandikishwa kwa mtihani wa mwisho wa historia. Shangazi, unajua sina somo ninalolipenda kama hili. Nakariri vizuri, ila nikiulizwa "kwa nini" natoa macho.

Kiranja wetu anasema ukitaka kulielewa jambo, mfundishe asiyelijua. Je, utakubali kuwa mwanafunzi wangu?

Binti wa kaka yako

Alhamisi, 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepoa, ulimi ndio bado. Nimekubali, ila nakuonya: shuleni mimi nilikuwa nakaa nyuma, karibu na dirisha.

Naanza kuuliza. Hao Wareno walifuata nini huko mbali? Na kama walikwenda kwa kuambaa pwani, kwa nini wasigeuze tu? Mimi nikienda sokoni hurudi kwa njia ileile. Mke wa fundi baiskeli, niliyekuwa namsuka barua yako ilipofika, anasema labda kuna mtu walikuwa wanamkwepa.

Jingine. Bahari haina geti. Mtu anaitawalaje?

Usiache kula ukasingizia masomo.

Shangazi yako

Jumapili, 25 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa wote hapo saluni. Mimi sijambo, na nakula.

Walifuata dhahabu kwanza, kisha pilipili na viungo vya Bara Hindi, ili wanunue wenyewe bila kupitia mikono ya wengine. Kuteremka kusini kulikuwa rahisi, upepo ukiwasukuma mgongoni. Kurudi, upepo uleule uliwapiga usoni, na mkondo wa maji nao ukawarudisha nyuma. Kwa hiyo waliiacha pwani kabisa, wakaelekea magharibi na kaskazini katikati ya bahari tupu, mpaka wakapata upepo mwingine uvumao kutoka magharibi. Huo ndio uliowapeleka nyumbani. Njia ndefu ndiyo iliyokuwa ya haraka. Nilipokuwa nakuandikia haya nililazimika kusimama kidogo, maana nilikuwa nimeyaelewa.

Swali la geti limenishinda. Nitamwuliza mwalimu.

Binti wa kaka yako

Jumapili, 8 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, na tumekuwa wasomi. Mtoto wa watu, somo lako limenikaa vidoleni. Mke wa fundi baiskeli ana kichwa kipana, bahari nzima inaenea. Nimemsuka pwani ya Afrika katikati, kutoka utosini ambako ni kwa Wareno hadi kwenye paji la uso, halafu nikaipinda njia ya kurudi kama ulivyosema. Wateja wawili wameshaomba huo mtindo. Nakutumia picha uione.

Shangazi yako, ambaye sasa wanamwita Profesa

Ijumaa, 20 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo Profesa. Nimecheka mpaka kiranja akaja kuuliza kuna nini.

Shangazi, meli zako zimepanda jangwani. Itazame picha: njia ya kurudi imepindia mashariki, kwenye mchanga mtupu. Nimelifikiria sana kosa hilo, na nadhani ulikuwa unasuka huku ukitazama kioo. Kwenye kioo ilikuwa magharibi kabisa. Mteja alipogeuka kututazama, dunia nayo ikageuka.

Na geti nimelipata. Wareno walijenga ngome kwenye bandari zenye biashara kubwa, wakawalazimisha wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kulipia kibali cha kusafiri. Chombo kisicho na kibali kiliweza kukamatwa pamoja na mali yake. Watu waliokuwa wakivuka bahari hiyo tangu enzi za mababu wakaanza kuomba ruhusa kwa wageni. Geti lilikuwa mizinga. Mwalimu alipenda swali lako, akauliza nimelitoa katika kitabu gani. Nikamwambia limetoka saluni.

Jaribio ni baada ya wiki mbili. Niombee.

Binti wa kaka yako

Jumapili, 13 Julai

Mwanangu,

Mbona kimya? Jaribio si limepita? Kama mambo yameharibika niambie hivyohivyo, mimi ni wako. Mke wa fundi baiskeli amekataa kufumuliwa. Anasema Wareno na wapande ngamia, lakini kila siku anapita kuuliza kama umeandika.

Shangazi yako

Jumamosi, 19 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Nilitaka kuliona jina langu kwanza, na leo limebandikwa ubaoni: nimeandikishwa.

Swali la kwanza lilitaka tuchore safari ya kurudi na kueleza sababu. Nilikiona kichwa kile mbele yangu, nikacheka peke yangu hadi msimamizi akanikazia macho. Kisha nikachora, magharibi ikiwa magharibi. Swali la mwisho liliuliza dola zilitawalaje bahari. Shangazi, nilijaza kurasa, nikaomba nyingine.

Nimeongoza darasa. Mwalimu alinisimamisha ubaoni niwafundishe wenzangu, na nilipomaliza alisema, "Huyu ndiye aliyesema walipotea. Mwulizeni njia sasa."

Waliuliza kweli, na nilijibu yote.

Siku ya wazazi nimepangiwa kulieleza somo hili mbele ya ukumbi mzima. Nilimsimulia mwalimu habari za saluni, naye anasema ramani ya ukutani imechakaa, afadhali kichwa. Basi nijibu haraka, kabla hawajachapisha ratiba: utakuja, na je, mke wa fundi baiskeli atakubali kufumuliwa ili umsuke upya, safari hii bila kioo?

Binti wa kaka yako