Mtaa Mzima Ulimwita Baba Adela

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, na upepo wa ziwani unafika mpaka huku Nyakato. Turubai la msiba lilishushwa jana. Kazini walinipa siku tatu, hii ni ya mwisho.

Naandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Nikianza na ninavyojisikia sitaandika chochote.

Mume wa mama yangu alifariki Alhamisi jioni. Jumatano alitoka nyumbani kwa miguu yake, akasema anakwenda kupima presha, tusimsubiri kula. Walimlaza. Siku iliyofuata hakuwepo tena. Majirani wengi hawakujua hata kwamba anaumwa.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipoolewa naye. Alikuwa mtu wa kazi ndogo ndogo zisizoisha. Vidole vya mama huvimba, hawezi kushika pasi kwa muda mrefu, kwa hiyo kila Jumamosi yeye ndiye aliyenyoosha sare ya kwaya ya mama, rinda kwa rinda, juu ya blanketi lililokunjwa mezani. Wanaume wenzake walimcheka. Aliwauliza, "Ninyi wake zenu wanaimba kwaya gani?" kisha akaendelea kunyoosha.

Mtaani alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana. Alitunza sufuria, viti na turubai, na mtu akifa ni yeye aliyezunguka asubuhi na kipaza sauti cha mkononi. Kabla ya kutangaza alikuwa na swali moja kwa wafiwa: mtaani anaitwaje? Hakujali cheti kinasema nini. Alitangaza Mama Kulwa wa mashine ya kukoboa, Babu Redio, Fundi Mrefu. Watu walijua papo hapo nani amekufa, wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja.

Yeye mwenyewe aliitwa Baba Adela. Adela ni mimi.

Ijumaa asubuhi kaka yake, Baba mkubwa Shija, aliwasili kutoka Usagara. Mama alikuwa bado hospitali na mashangazi wakishughulikia mwili. Nyumbani tulikuwa wachache na hakuna aliyelia kwa sauti. Baba mkubwa aliomba karatasi, akaandika tangazo kwa herufi kubwa: Petro Maduhu Lubinza, mazishi kesho saa nane. Akampa Mzee Bundala, makamu wa kikundi, akamwambia asome kama ilivyoandikwa.

Mzee Bundala aliniangalia, akaiangalia karatasi, akaondoka na kipaza sauti.

Nilijua tangazo lile halitafanya kazi.

Saa tatu ilifika, hakuna aliyekuja zaidi ya Mama Koku, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alisimama getini akiwa na kapu.

"Adela, mwambie baba yako atupe ufunguo wa stoo ya sufuria. Kuna msiba wa mgeni, Petro nani sijui. Tuwahi kabla jua halijawa kali."

Nilimwambia Petro ni nani. Aliketi chini palepale getini, kapu likiwa mapajani.

Muda mfupi baadaye Mzee Bundala alirudi akiwa na jasho. "Kaka Shija, nimezunguka mpaka kona ya kiwandani. Watu wananipa pole, halafu wananiuliza huyo marehemu alihamia lini."

"Ndilo jina lake," Baba mkubwa alisema.

"Ni lake, sikatai. Lakini hapa hakulitumia. Kaburi halijaguswa na kesho tunazika. Niruhusu nimtangaze Baba Adela."

"Ana mtoto wa kumzaa. Kama ni kumwita kwa mtoto, mwite Baba Masanja."

Masanja ni mdogo wangu, mtoto wao yeye na mama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, na ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. "Baba mkubwa, ukisema Baba Masanja watakwenda kwa muuza mkaa. Na yule yuko hai, watamuua kwa mshtuko."

Mzee Bundala alikohoa ili asicheke. Baba mkubwa hakucheka. Alinigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Haya. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwitaje?"

Ningeweza kudanganya. Lakini Masanja alikuwa pale, Mama Koku alikuwa pale.

"Anko," nikasema.

Hilo ndilo nililokuja kuandika hapa. Alikuwa Baba Adela kwa mtaa mzima isipokuwa kwa Adela.

Ilianza bila ubaya. Siku ya kwanza mama aliniambia, "Msalimie anko," nikamsalimia. Baadaye ingewezekana kubadilisha. Nilipokuwa kidato cha kwanza alinisindikiza bwenini akiwa amebeba godoro langu kichwani. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama yule ni baba yangu. Nikajibu, "Huyo ni anko, mume wa mama." Alikuwa hatua mbili mbele yetu. Godoro halikutikisika. Alilifikisha, akatandika, akauliza kama kuna mbu.

Kuanzia pale ilikuwa ukaidi. Baba yangu mzazi simfahamu zaidi ya picha moja, na nilijiambia kwamba namtunzia nafasi yake. Sasa nikitazama, nilikuwa namtunzia nafasi mtu ambaye hakuiomba.

Baba mkubwa alichukua ile karatasi kwa Mzee Bundala. Kisha akauliza, "Na yeye aliitika?"

"Aliitika."

"Miaka yote?"

"Yote."

Aliikunja ile karatasi mara nne. "Ndugu yangu alikuwa mbishi tangu tunachunga ng'ombe," alisema. "Nilimwambia aoe msichana asiye na mtoto. Akaniambia, mtoto ndiye amenipenda kwanza." Halafu akamwambia Mzee Bundala, "Nenda kamtangaze mnavyomjua."

Sikumbuki kumpenda kwanza. Nakumbuka kwamba alipokuja kwa mama mara ya kwanza alileta sato, nikamwonyesha ninavyojua kuparua magamba. Labda ni hilo. Sina wa kumuuliza.

Mzee Bundala hakumaliza hata mtaa mmoja. Wanaume walianza kuja na majembe, wengine wakiwa bado na sare za kiwandani. Kinamama walifungua stoo, wakatoa sufuria. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na pa kukaa uani. Mama alipoletwa kutoka hospitali, njia nzima kutoka barabarani ilikuwa imejaa watu, na hapo ndipo alipolia.

Jumamosi tukazika. Baba mkubwa mwenyewe alisoma wasifu. Alipofika kwenye watoto alisema marehemu ameacha watoto wawili, Adela na Masanja, kwa mpangilio huo. Tukaitwa kuweka udongo. Mimi ndiye mkubwa, nikatangulia. Nilikusudia kusema neno moja pale ukingoni. Nilirusha udongo, nikasogea kumpisha Masanja.

Sikulisema.

Jana jioni, kabla hajapanda gari la Usagara, Baba mkubwa aliniita pembeni. Jumamosi ijayo ukoo unakutana kwake. Kwao mtoto mkubwa husimama mbele ya wazee akaeleza habari za baba yake: alikuwa mtu wa namna gani, ameacha nini cha kufuatwa. Asiyesimama huhesabika kama mgeni aliyekula msibani akaenda zake.

"Mimi nimekuhesabu mbele ya watu," aliniambia. "Kilichobaki ni chako. Na kule usije ukasema anko."

Nikamjibu, "Sawa, Baba mkubwa." Nilitambua baadaye kwamba kwa kaka yake neno baba limenitoka mdomoni kwa urahisi tangu utotoni.

Leo mchana mama alipolala nilikwenda jikoni, nikasimama katikati, mikono nyuma, kama mbele ya wazee. Nikasema, "Baba yangu alikuwa mtu wa kuuliza kwanza." Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini ilitoka. Masanja alikuwa mlangoni, sikumwona. Nilidhani atanitania.

"Endelea, dada," alisema.

Sikuweza. Sentensi ya kwanza ninayo. Ya pili nitaitafuta kesho nikitoka kazini.