Kioo Nilichokidai Msibani

Mtani wangu Athumani,

Kioo chako cha darubini ninacho. Nimekifunga kwa shuka na kukiweka ndani ya sanduku la vitabu, na kwa wiki sita sikuthubutu kulifungua.

Ulikuwepo nilipokipata, ila ulikuwa ndani ya jeneza. Nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Nilisimama mlangoni nikasema Mzaramo huyu hatoki, ametengeneza saa za Isaka nzima na zote zinachelewa. Watu walicheka huku wanalia. Kisha nikaingia karakanani kwako, nikatoka nimekumbatia kile kioo, nikatangaza kuwa ndio urithi wangu. Nilitegemea wakikomboe kwa kuku, kama kila anachonyakua mtani kinavyokombolewa. Mkeo, Mama Zuhura, alikisukuma kifuani kwangu.

"Chukua, Mwalimu. Alituusia kwamba ukikidai, tusikikomboe."

Mpaka leo sijui kama ulinitania au ulinikabidhi.

Karakana yako sasa inauza sabuni, siku sabuni inapopatikana. Pipa lako la kusugulia kioo liko nje, linakinga maji ya mvua. Nikipita nakuona ukilizunguka, kioo juu ya kioo, msasa na maji katikati, hatua moja na msuguo mmoja. Kioo kinene cha dirisha la meli iliyovunjwa Mwanza, na wewe ukikichimba bonde lisilozidi unene wa ukucha. Nilikuuliza kama kitaona watu kwenye sayari za mbali. Ulisema hapana, hicho kitaona mwezi na pete za Zohali basi. Lakini anayejua kusugua kidogo atajua kusugua kikubwa, na siku moja kitasuguliwa kioo kipana kama uwanja wa kupuria mtama, kitakachokusanya hata mwanga wa dunia ya wengine.

Wewe ulifurahi. Mimi niliogopa, na sikukwambia kwa nini.

Unakumbuka alasiri ile uliyokielekeza nje ya mlango, ukashika karatasi mbele yake? Mabehewa ya stesheni yalitokea pale, madogo, magurudumu juu. Nilitoka bila kuaga. Ukanitania mwezi mzima, Msukuma anayeogopa kioo kuliko fisi.

Athumani, nilikuwa nimeshaiona picha ile. Nyumbani kwetu, upande wa Geita, walikuja wapima ardhi na chombo chao cha miguu mitatu. Mama aliwapa maziwa. Mmoja wao, mtu mpole, aliniinua nichungulie. Niliiona nyumba yetu kichwa chini, paa la nyasi likining'inia, na mama mlangoni akining'inia nalo. Nilicheka. Kabla ya mavuno tuliambiwa tuhame, maana chini yetu kulikuwa na dhahabu. Baadaye nilihamishwa tena, kuingia kijiji cha ujamaa, na huko nako walitangulia watu wenye chombo kama kile. Mama alikufa akiulizia mlango wa nyumba isiyokuwepo.

Sasa redio inasema ng'ambo wanajenga darubini ya kurushwa juu ya hewa, na kwamba wataalamu wanazitafuta dunia za nyota nyingine, waone kama kuna uhai. Msomaji wa habari alikuwa na sauti ya furaha. Mimi nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Niliwafikiria hao wa huko, kama wapo. Mtu anaanika mtama wake, hajui kwamba kuna anayemtazama kichwa chini.

Nilitaka kukizika kioo. Nilichimba hata shimo, nyuma ya nyumba. Jana alasiri nikafungua sanduku ili nikipeleke huko, nikaona alama za vidole vyako zimekaukia pembeni kwa ule unga mwekundu wa kung'arishia. Nikakaa chini.

Nimeelewa jambo moja. Waliotupima hawakujua hofu yetu, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kupimwa. Labda ndiyo maana hukutaka kikombolewe, ulitaka kishikwe na anayekiogopa.

Basi lala, mtani. Leo nimelirudisha pipa uani, nimelizunguka mara tatu na magoti yanalia. Nitakimaliza. Nitamfundisha kila anayetaka kusugua, na kabla hajagusa msasa nitamsimulia nyumba ya mama. Na nikichungulia, kwa macho yangu haya mabovu, nikaona huko mbali juu moshi wa jiko la mtu, nitakifunika kwa shuka, sitamwambia yeyote.

Wako anayeogopa kioo,
Mwalimu