Goti la Kendrell

Ijumaa, 8 Novemba

Tumeshinda! Kaka yangu Kendrell, mlinzi wa timu ya shule yetu ya futiboli ya Kimarekani, amemwangusha mrusha mpira wao mara nne. Mara ya nne nilisikia helmeti zikigongana mpaka kwenye viti vya bendi, kama mlango wa lori uliobamizwa. Yule mvulana hakuamka. Wakamtoa kwa machela, damu ikimchuruzika puani, na watu wote wa mji wetu wa Ebbard wakasimama kushangilia. Nami nikapuliza klarineti, maana ndiyo kazi yangu. Nilipuliza vibaya.

Nyumbani kaka yangu hamuui hata buibui. Humfunika kwa kikombe na kumtoa nje.

Baada ya mchezo makocha wawili wa vyuo walimsubiri langoni, kila mmoja akitaka akachezee chuo chake kwa ufadhili wa masomo. Kocha Stroud wa Calloway, chuo cha hapa kwetu Mississippi. Kocha Beaudry wa Marchand, ng'ambo ya mto, Louisiana. Vyuo hivyo vimo katika ligi moja, na Marchand wanatufunga kila mwaka tangu nilipoanza shule. Sababu inajulikana na kila mtu: wanachukua wavulana wetu walio bora, kisha wanawarudisha kuja kutupiga.

Kocha Stroud alimwambia Baba kwamba ligi imeegemea upande mmoja. "Mzee Pruitt, wenzetu wanavuka mto kuchuma mboga kwenye bustani yetu! Mwanao akibaki, angalau tutapigana sawa kwa sawa."

Baba akamjibu kuwa mwanawe si mboga.

Jumapili, 10 Novemba

Siri! Kendrell ameniambia baada ya kanisa. Anataka Marchand. Wana shule ya udaktari wa mifugo, na kocha wao wa ulinzi ndiye anayejua kazi yake hasa. Kisha akasema, "Dess, nikibaki hapa nikakosa kumkaba mtu mmoja tu, Mama hataweza kununua mkate kwa amani."

Nimeahidi kunyamaza. Namwombea. Siombi apate jina kubwa, naomba tu aende anakotaka.

Jumanne, 19 Novemba

Siku ya kutia sahihi mkataba na chuo, mchezaji huketi mezani mbele ya shule nzima, kofia za vyuo zimepangwa mbele yake, na ile anayoivaa ndiyo jibu. Kofia hununuliwa na familia. Hata ya chuo usichokitaka lazima iwepo, ndiyo heshima. Lakini Ebbard hakuna duka linalothubutu kuuza kofia ya zambarau ya Marchand. Kwa hiyo Jumamosi Mama alivuka daraja akainunua, akaiweka kwenye dashibodi. Kisha akasimama kutia petroli kwenye kituo cha Bwana Sills.

Kwenye dashibodi! Mama yangu, mtu makini kuliko wote!

Bwana Sills aliinama dirishani. "Vernita, sikukuu ya kuvaa vinyago si ilipita mwezi jana? Hicho kinyago cha nani?" Mama akacheka. Yeye hakucheka.

Leo tukiwa tunakula chakula cha jioni, tofali limepita dirishani. Limefungwa taulo ya kijani ya Calloway. Vioo vimemwingia Mama kichwani, damu ikatiririka mpaka kwenye sahani ya maharage. Baba alitoka nje na bunduki. Hakukuwa na mtu, taa nyekundu tu za gari likiishia kwenye kona. Mimi ndiye niliyemtoa Mama vioo, kwa kibanio cha nyusi. Alisema, "Polepole, mwanangu," kana kwamba mimi ndiye ninayeumia.

Alhamisi, 21 Novemba

Msichana wa tarumbeta amemwita kaka yangu msaliti, halafu akaitemea mate klarineti yangu. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Sikujua kama najua kupiga ngumi! Jino lake limenichana kidole.

Mwalimu wetu, Bi. Hargrove, alisema anayepiga ni mtu aliyeishiwa maneno. Mimi maneno ninayo mengi. Nilipiga tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika yaliyotokea kwa utaratibu.

Tulikuwa tunakwenda kwa Bibi. Petroli ikapungua, na kituo ni kimoja tu, cha Bwana Sills. Alikuja na kutoa mpira wa pampu kwenye tangi letu. "Lucius, petroli ya hapa ni ya watoto wa hapa. Nenda ukatie ng'ambo." Wanaume waliokuwa wamekaa karibu na mashine ya barafu wakaangua kicheko.

Baba akasema kwa upole, "Sills, mke wangu ameshonwa nyuzi saba kichwani. Nitilie petroli niende zangu."

Mmoja wao akasema, "Mwambie avae kofia basi."

Baba alimpiga kabla hajamaliza kucheka. Nilisikia mlio wa taya. Mwingine akamjia Baba kwa nyuma na chuma cha jeki ya gari, akampiga begani, halafu mbavuni, halafu tena mbavuni. Baba akapiga magoti. Mama akapiga mayowe. Kendrell alishika mlango ili atoke, na Baba, akiwa chini, mdomo umejaa damu, akamfokea: "Kaa ndani! Miguu hiyo si ya kupigania petroli! Kaa ndani, mwana!"

Akakaa. Kaka yangu mwenye mwili kama friji alikaa akiuma mkanda wa kiti na kulia. Ni mimi niliyetoka. Nilimwangukia Baba ili wasimpige tena, wakaacha.

Askari alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kijana ameumia?" Tukasema hapana. Akashusha pumzi, akaandika kidogo, akaondoka. Baba amevunjika mbavu mbili.

Jumatatu, 25 Novemba

Goti la Kendrell.

Bendi ilikuwa mazoezini kando ya uwanja, nami niliona kila kitu. Kocha Tolliver, kocha wetu wa shule, aliitisha duara. Wachezaji husimama mviringo, mmoja katikati. Kocha hutaja namba, mwenye namba hiyo anamvamia wa katikati, wanagongana, kisha inatajwa nyingine. Mmoja mmoja. Ndivyo ilivyo tangu zamani, hata Baba alichezeshwa hivyo.

Leo Kendrell aliwekwa katikati na hakutolewa. Namba, namba, namba. Alikuwa anatapika kwenye nyasi na namba bado zinatajwa. Halafu ikatajwa namba moja, wakatoka wawili. Mmoja alimjia mbele juu. Wa pili, Trez, rafiki yake, alimjia kwa nyuma, chini kabisa.

Goti lilikunjika upande ambao goti halikunjiki.

Sijawahi kumsikia Kendrell akipiga kelele. Naye wa tatu akamwangukia! Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Kocha Tolliver muda wote. Niliiona. Aliipuliza mwisho, polepole, kama anayeita watu wakanywe maji.

Jumanne, 26 Novemba

Hospitali, mjini Jackson. Kano mbili zimekatika. Upasuaji, kisha mwaka mzima bila kucheza, na daktari hakuahidi zaidi.

Mama aliipigia Marchand simu mbele yetu. Kocha Beaudry alisema anasikitika, anatuombea, na ile nafasi wataizungumzia baadaye. Mama akamwuliza baadaye ndiyo lini. Akasema ana kikao.

Jioni akaja Kocha Stroud na maua na ndoo ya kuku wa kukaanga. "Mtoto wa nyumbani hatupwi. Calloway tunamchukua hivyo hivyo, na goti lake." Mama alilia kwa kushukuru. Nilishukuru na mimi. Nafasi ni nafasi. Labda hata Calloway atasoma mifugo. Labda.

Alhamisi, 28 Novemba — Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga, viazi vitamu, pai ya njugu. Kendrell hakugusa.

Mchana Trez aligonga mlango wa jikoni. Macho yamevimba. Mimi nilikuwa naosha sufuria, hawakunijali. Alisema Kocha Tolliver aliwaita pembeni wao wawili kabla ya mazoezi, akawaambia: nikitaja ishirini na mbili, tokeni wawili, mmoja apige chini. "Nilidhani anataka kukukomaza, kaka. Naapa. Naapa kwa mama yangu."

Nilidhani Kendrell atampiga kwa gongo lake la kutembelea. Akamwambia tu, "Nenda nyumbani ukale, Trez."

Halafu akanishika mkono, kwa nguvu mpaka nikaumia. "Usimwambie Baba. Ataua mtu, na mimi nitakuwa sina goti wala baba. Umesikia, Dess?"

Nilisema nimesikia.

Jumatano, 4 Desemba

Naandika jikoni. Mama ameniambia nikae hapa, nisitoke. Lazima nishike kitu, nimeshika kalamu.

Leo ni siku ya kutia sahihi. Kendrell hakutaka sherehe shuleni, kwa hiyo Kocha Stroud alikuja hapa na karatasi. Kendrell ana miaka kumi na saba, lazima na mzazi asaini. Kendrell akasaini kwanza, haraka, bila kusoma. Nilipomtazama akasema, "Ndicho kilichopo, mdogo wangu." Baba akaishika kalamu.

Nilikwenda dirishani kupunga hewa. Ndani ya gari la Kocha Stroud alikaa Kocha Tolliver. Amevaa koti la kijani la Calloway. Jipya. Kifuani limedariziwa jina lake.

Nikauliza kwa adabu, "Kocha, mbona Kocha Tolliver haingii ndani?"

Kocha Stroud akatabasamu. "Ah, ana haya. Tumemwajiri, anaanza Januari. Kendrell hatajiona mgeni kwetu!"

Baba hakuinua kichwa. "Mlimwajiri lini?"

"Mazungumzo yalikuwepo, mzee. Yakakamilika juzi juzi."

"Kabla ya goti, au baada ya goti?"

Kendrell akanitikisia kichwa: usiseme. Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa. Nikasema. Namba ishirini na mbili, Trez, pigo la chini, filimbi, yote, kwa sauti ile ninayosomea darasani.

Baba ameweka kalamu chini taratibu. Amesimama, mkono mbavuni. Ametoka kwa mlango wa mbele bila hata kuufunga. Mama amemfuata akiita, "Lucius! Lucius, mwanao anakuona!" Kendrell aliruka kuchukua magongo, akaanguka, meza ikasogea, akaamka. Kocha Stroud anapiga kelele kwenye simu: "Ondoa gari! Tolliver, ondoa gari!"

Karatasi iko hapa mbele yangu. Kwenye mstari wa mzazi Baba alikuwa ameandika L tu.

Injini imewaka. Lakini gari haliondoki. Nimenyanyuka kidogo kuchungulia — Baba amesimama mbele yake, mikono miwili juu ya boneti. Honi! Honi tena. Na sasa Kendrell, kwa mguu mmoja, ameshafika, naye anaweka mikono yake kando ya mikono ya Baba—