Nyaya Mbili za Breki ya Sisimizi

Chumba cha Nyuma,
Orofa ya Pili.
Jumapili mchana.

Mpendwa Baba Mdogo,

Nakuomba jambo moja kabla hata ya salamu: isome barua hii peke yako, kisha uichane. Hata Mama Mdogo asiione, maana yeye na dada yangu hawafichani kitu. Kwenye simu nimejaribu kukueleza mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Baada ya hayo, shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na karakana inakwenda. Mgongo wa Mama Mdogo je? Huku tu wazima, isipokuwa Sisimizi, mtoto wa dada, na habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Zile breki ulizomtumia zilifika salama. Unakumbuka pikipiki yake ya umeme, ile ndogo ya kupandia mawe na magogo, ilivyokuwa na breki za waya. Dada alikuwa akisema ni breki za kuombea dua. Mtoto wa miaka minane alikaza vidole vyote na bado gurudumu likamponyoka. Fundi redio wa chini alipoliona boksi lako alicheka hadi akaweka koleo mezani: "Pikipiki yenyewe hainywi mafuta, nyinyi mnaifungia breki za mafuta!"

Nilizifunga mwenyewe. Unanijua nilivyo. Nilisoma karatasi ya maelekezo mara tatu, kila mstari nikauwekea alama ya penseli. Nikafunga diski na pedi, nikatoa hewa kwenye mpira wa mafuta kama ulivyonielekeza, hadi kidole kimoja tu kikatosha kusimamisha gurudumu. Dada alinisifu mbele ya majirani, nami nikavimba kichwa.

Lakini kwenye mkono wa zamani wa breki zilikuwa zinatoka nyaya mbili nyembamba. Mkono mpya haukuwa na mahali pa kuzichomeka, na karatasi haikuzitaja. Nikadhani ni za taa. Nikazikunja, nikazizungushia utepe mweusi, nikazisukuma chini ya kifuniko cha betri. Nilizifunga vizuri sana, Baba Mdogo. Mtu angeona angesema ni kazi ya fundi.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi asubuhi, Sisimizi alipanda ubao tuliouegemeza kwenye ngazi ya uani. Alipofika juu akasita. Nilimwona kwa macho yangu akishika breki. Niliona pia mkono wa kulia umeganda kwenye eksileta, kama mtoto yeyote aliyeshtuka. Pikipiki ikatetemeka palepale bila sauti, kama mbuzi anayevutwa kamba. Kisha kidole cha breki kikateleza, ikaruka naye ukutani. Mkono wake wa kushoto umevunjika mahali pawili. Daktari anasema utaunga.

Dada alikuwa dirishani, vidole hakuviona. "Breki mpya kabisa, na hukushika! Akili uliiacha wapi?"

"Nilishika, Mama."

Sisimizi akarudia hivyo kwa daktari. Akanigeukia mimi: "Mjomba, si uliniona?" Nikamwambia apumzike kwanza.

Jumatatu yake niliutoa kabatini ule mkono wa zamani, nikaubana. Ukalia ti. Ndani mna swichi ndogo. Sasa naamini nyaya zile zilikuwa za kukata umeme wa mota kila breki inaposhikwa, hata kama eksileta imefunguliwa yote. Je, nimekosea? Wewe ndiye fundi, niambie. Breki zako hazina kosa lolote. Kosa ni la aliyezifunga.

Tangu hapo mlio ule haunitoki. Mwenzangu ofisini akibonyeza kalamu, nasikia ti. Juzi mkuu wa masjala aliniuliza kwa nini nimegonga muhuri kichwa chini kwenye barua tisa. Nikipita stoo naiona pikipiki imeegemea ukuta, na nahisi imewaka, maana haina mngurumo wa kukuonya. Nimechomoa betri kwa mikono yangu, lakini kila nikipita lazima niiname nipapase.

Ufunguo wake niliuficha. Dada ameamua pikipiki wapewe watoto wa mwenzake kazini, na jana aliutafuta ufunguo nyumba nzima. Hatimaye akamgeukia Sisimizi: "Umeuficha wewe, mkaidi!" Ulikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilichukua sahani yangu, nikaenda kuiosha.

Leo asubuhi mtoto amekuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. "Mjomba, labda kweli sikushika." Kisha akaniuliza kama mtu anaweza kuficha ufunguo halafu asahau kuwa ameuficha.

Nilianza barua hii nikitaka wewe ndiye umwambie dada, maana wewe anakusikiliza. Baada ya kuyaandika maneno hayo ya mtoto, siwezi tena kukuomba hivyo. Nitasema mwenyewe, na Sisimizi akiwa amekaa pale asikie. Barua naiposti kwanza, nisipate pa kurudi nyuma.

Msalimie Mama Mdogo, pacha wote wawili, na Shangazi akipita hapo. Mungu akulindie macho yako na mikono yako ya kazi.

Mimi mwanao, nikupendaye na kukuogopa kidogo,
Karani wako.

Usipige nyumbani kwanza. Nipigie ofisini kati ya saa saba na saa nane mchana, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula. Omba masjala, sema unaulizia faili lililopotea. Nikianza kukuuliza habari za mvua, jua bado sijasema. Nikaripie bila huruma. Nikikuambia nimeshasema, basi piga nyumbani jioni ileile, uombe kuongea na Sisimizi mwenyewe. Usimpe pole. Mwambie, kwa sauti yako ile ya karakana, kwamba alishika.